Afisa na Mgongo Wazi

Dada Nekesa,

Salamu kutoka Busia, ambako jua linachoma tangu asubuhi na vumbi la malori limenikausha koo. Afisa wa ule mfuko wa serikali wa kupanua viwanda aliandika kwenye fomu yetu kwamba spiriti ya hospitali tunaitengeneza kwa "taka". Nikakataa kutia sahihi. Nikamwambia maganda ya muhogo ni malighafi, aandike hivyo. Akacheka, akaenda kula.

Nikamfuata hadi kibandani. Alikuwa ameagiza ugali na mgongo wazi wa samaki na kichwa chake, anafyonza mifupa huku amefumba macho. Nikakaa mbele yake.

"Boss, kiwanda cha samaki kilishatoa minofu yote ya huyo mbuta. Hayo ni mabaki. Mbona hukumwambia mama akuletee taka?"

Mama wa kibanda akaangua kicheko. Afisa akanawa mikono polepole, akatoa fomu, akafuta neno lake mwenyewe.

Pesa bado hawajaahidi, na wakitunyima tutaendelea kupika spiriti yetu. Wewe usikubali ganda hata moja litupwe. Nakuletea mgongo wazi, na kichwa ni chako.

Mdogo wako,
Nafula