Kilele cha Wali

Jumatatu, 9 Oktoba 2023

Vitabu vimefika. Maboksi kumi na mawili, yamejaa sebuleni hadi mlangoni. Nimefungua moja kwa kisu cha jikoni. Jalada safi, harufu ya wino mbichi. Nikasimama nikingoja kuhisi kitu. Wapi! Nikaenda kuchemsha maji ya chai.

*Ninachofunga Kiunoni*. Wanawake kumi na wanane wa mji wa Solo na pembezoni mwake, kila mmoja na mwili wake – hedhi, uzazi, unene, uzee, kitanda. Miaka miwili nimewabembeleza na kuwagombeza mpaka wakaandika. Mimi nimeandika dibaji. Kurasa kumi na moja za hoja, na hamna hata inchi moja ya ngozi yangu. Gendis, mchapishaji wetu, ameshaniuliza mara tatu: Bu Rukmi, cha kwako kiko wapi? Nikamjibu refa hafungi mabao. Jibu la kijinga. Alicheka, akaniacha.

Tangu Machi kifua changu upande wa kushoto ni tambarare. Nikiweka mkono pale, kidole kinahisi ngozi, ngozi haihisi kidole. Anayejua ni dada yangu tu. Wengine wanadhani nimekonda kwa hasira. Waache wadhani hivyo.

Jumanne, 10 Oktoba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sauti ya Mbok Ngadiyem, muuza mitishamba, uchochoroni. Kikapu mgongoni, chupa nane, shuka ya batiki imepita begani na kufungwa kifuani. Umri miaka sitini na moja. Akanimiminia ile chungu bila kuniuliza. Nikatoa pesa, akaukataa mkono wangu. Hii si ya kuuza, akasema. Amekuwa akifanya hivi kwa miezi kadhaa. Sijamuuliza kwa nini.

Simulizi isiyo na jina, ukurasa wa tisini na saba, ni yake. Hajui kusoma. Alisema, mimi nikarekodi na kuandika, sikubadilisha neno. Kizazi chake kimeshuka. Miaka kumi na tisa sasa. Kila adhuhuri anaingia choo cha sokoni, anakirudisha kwa mkono, anakaza mkanda wa nguo kiunoni – mita kumi na mbili za kitambaa! – anabeba kikapu, anaendelea na njia. Mumewe hajui. Anadhani mkewe alimchoka tu, ndiyo maana analala akiangalia ukuta. Na wateja ndio wasijue kabisa. Chupa yake inayouzika kuliko zote ni ile ya wanawake, ya kukaza mwili baada ya kuzaa.

Leo akaniuliza kwa kunong'ona: Jumamosi, kwenye uzinduzi, mtayasoma yangu?

Nikasema ndiyo, msichana wa chuo kikuu atayasoma.

"Basi niite nije kuuza," akasema. "Nataka kuyasikia. Mwenye chupa hakuna anayemtazama usoni."

Nikaahidi. Nikaahidi tena, mkono wangu juu ya wake: jina lako halitatoka kinywani mwangu, Mbok.

Alhamisi, 12 Oktoba

Vita vya tumpeng!

Gendis ameagiza mlima wa wali wa manjano, wa kuwatosha watu mia. Sawa. Uzinduzi bila tumpeng hautaonekana uzinduzi. Lakini ratiba inasema mhariri, yaani mimi, atakata kilele na kumkabidhi Bu Harti, mke wa mkuu wa tarafa. Kwa sababu ukumbi ni wa tarafa. Bu Harti! Aliyepeleka barua mwezi wa sita kuomba tutoe neno "uke" kwenye bango.

Nikampigia Gendis. Nikamwambia kilele hupewa anayestahili shukrani kuliko wote, na yule mama hajaandika hata nukta.

"Bu, ni kipande cha wali tu!"

"Kama ni wali tu, mbona unalia?"

Kweli alikuwa analia. Ana miaka thelathini, amekopa kwa mama mkwe ili achapishe. Baadaye nikasema sawa, atapewa. Nikasema ili anyamaze. Sikuwa na nia.

Nimegombana saa nzima na moyo haukwenda mbio hata kidogo. Zamani hasira ilinipa joto. Sasa nagomba jinsi mtu anavyopiga pasi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Niandike kwa mpangilio.

Ukumbi ulijaa. Joto – mvua bado. Feni mbili, moja inapiga kelele. Kina mama wa kikundi cha sala, wanachuo, waandishi wa habari watatu, na wanaume kama kumi wamejipanga karibu na mlango kana kwamba jengo litawaka. Mbok Ngadiyem nyuma, pembeni ya meza ya vitafunwa, amevaa kebaya, blauzi yake ya kijani ya sherehe, na chupa zake mbele. Wageni wanamiminiwa, wanakunywa, wanarudisha glasi. Kweli hakuna aliyemtazama usoni.

Dibaji yangu nimeisoma vizuri. Wakapiga makofi pale nilipopanga wapige.

Kisha yule msichana akasoma ukurasa wa tisini na saba. Ukumbi ukatulia hadi wanaume wa mlangoni wakaacha simu. Bibi mmoja safu ya pili akaanza kulia waziwazi, bila kujifuta. Msichana alipofika kwenye choo cha sokoni nikamtazama Mbok. Alikuwa anasuuza glasi. Taratibu sana. Glasi ileile, tena na tena.

Wakaleta tumpeng. Mlima wenyewe juu ya ungo, majani ya mgomba, mayai, kuku, pilipili kileleni. Nikapewa kisu na kipaza sauti. Nikakata. Nikakiweka kilele kwenye sahani. Bu Harti alishasimama, ameshanyoosha mikono yote miwili, anatabasamu kwa mpiga picha.

Nikampita.

Nilimpita! Nikasikia pumzi za watu. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba kilele hiki si cha wenye vyeo, ni cha mwanamke aliyetupa kikubwa kuliko sisi sote. Wakapiga makofi. Walidhani nakwenda kwa yule bibi anayelia. Miguu ikanipeleka mpaka nyuma, kwenye meza ya vitafunwa. Nikampa Mbok Ngadiyem.

Makofi yakafa mikononi mwa watu. Waandishi wote walishaitwa mbele, mmoja mmoja, kwa majina. Amebaki mmoja asiye na jina. Na hapa mhariri anampa kilele muuza mitishamba. Hata mtoto angejumlisha.

Hakuweza kukataa. Kilele hakikataliwi, hata na adui. Alikipokea kwa mikono miwili, akainama, akasema asante Bu. Uso wake sijui niuelezeje. Haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa na daktari.

Bu Harti, nyuma yangu, si kwa sauti kubwa: "Ooh. Kumbe ndiye huyu."

Ukumbi mzima ulisikia.

Nikageuka nikaona simu zimeinuliwa. Nikageuka tena, Mbok hayupo. Chupa zote ziko mezani. Sahani pia, wali haukuguswa.

Nimefika nyumbani saa tisa. Nimeoga. Nimekula. Naandika haya na nangoja yaniume. Najua yanapaswa kuuma.

Jumapili, 15 Oktoba

Video imesambaa. Gendis anasema nakala mia mbili zimeagizwa tangu jana. Nimepokea pongezi za ujasiri. Ujasiri! Mmoja ameniita mama wa taifa.

Chini ya video kuna wa kwetu, wa mitaa hii hii. Mmoja ameandika: fundi wa kukaza, mwenyewe amelegea. Vicheko arobaini chini yake.

Nimezima simu.

Jumanne, 17 Oktoba

Jana Mbok hakupita. Leo hakupita.

Mama wa nyumba ya kona ananiambia, akifagia mlango wake: nilikuwa nakunywa dawa yake tangu kifungua mimba, Bu, kumbe naye yuko hivyo? Basi nilikuwa nakunywa maji ya manjano. Nikamwambia dawa ilimsaidia, si amesema mwenyewe alizaa watoto watano salama? Akasema tatizo si dawa, ni kwamba sasa kila akiiona glasi anaona kile kitu. Akacheka, akaziba mdomo, akasema astaghfirullah.

Chupa za Mbok ziko kwangu. Nimeziosha zote nane.

Nimeandika makala. "Aibu Hii Ni ya Nani?" Maneno mia tisa, dakika arobaini. Nimempiga Bu Harti, nimeipiga tarafa, nimewapiga wanaume wa mlangoni, nimewapiga wachekaji wa kwenye simu. Kila pigo limetua. Mhariri wa gazeti angeibeba juu-juu. Nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ambapo mimi nimepigwa. Hapapo.

Sijaituma.

Gendis amekuja jioni. Amekataa kukaa. "Ulimwahidi," akasema. "Mimi ulinidanganya, sawa, mimi nimezoea. Lakini yule?"

Nikamwambia nilitaka kumheshimu.

"Kesho basi nenda ukamheshimu kwake, bila kipaza sauti."

Jumatano, 18 Oktoba

Sikwenda.

Alhamisi, 19 Oktoba. Sukoharjo, uani kwa Mbok

Naandika nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mwandiko mbaya.

Nilifika kwa pikipiki ya kukodi, chupa kwenye begi. Mumewe, Pak Wiryo, yuko kibarazani, ananyoosha gurudumu la baiskeli. Mwembamba, mpole. Akanipa kiti. Akawasha sigara ya karafuu. Mbok yuko jikoni, namsikia anatwanga, hakutoka.

"Bu ndiye wa kitabu," akasema.

Nikasema ndimi.

"Kwenye banda la kahawa wananiambia mke wangu yumo. Nauliza, yumo anafanya nini? Wanacheka. Nikimuuliza mwenyewe anasema kula kwanza, Pak." Akavuta sigara. "Miaka thelathini na minane niko naye. Kijiji kizima kimeshajua. Mimi ndiye niwe wa mwisho?"

Nikaanza kutoa chupa kwenye begi, moja moja.

"Kitabu unacho hapo? Macho yangu hayafiki. Nisomee."

Ninacho. Huwa ninacho. Nikafungua ukurasa wa tisini na saba. Mimi niliyewahi kumwambia waziri mbele ya kamera anyamaze nimalize! Nimelitamka neno "kizazi" kwenye majukwaa mangapi? Nikafungua mdomo mbele ya mzee mmoja mwenye mafuta ya mnyororo vidoleni. Halikutoka. Nikakohoa. Nikaanza tena. Halikutoka. Kutwanga jikoni kukakoma.

Mbok akatoka. Amevaa kitambaa cha kazini, nywele hazijafungwa. Hakunisalimu.

"Ulinipa kilele, Bu. Ningekikataaje mbele ya watu?"

"Nilitaka kukuheshimu, Mbok."

"Ulitaka kumkomoa mke wa mkuu wa tarafa. Mimi nilikuwa karibu na mkono."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayehesabu chupa. Sikujitetea. Mara ya kwanza katika maisha yangu nadhani.

Akanitazama pale kifuani. Moja kwa moja, kushoto. "Nimejua tangu Aprili," akasema. "Mtu wa kubeba kikapu huliona bega lililoinama. Sikumwambia mtu. Nikakuletea ile chungu nikanyamaza." Kisha: "Kitabu kina wanawake kumi na wanane. Wewe wa kumi na tisa uko wapi?"

Pak Wiryo alikuwa anatutazama kwa zamu, haelewi, sigara inateketea yenyewe kidoleni.

Nikasema, Mbok, nisamehe. Akasema hayo baadaye. Akanyoosha mkono nikampa kitabu. Akakifunga, hajui kusoma hata hivyo, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha, jalada chini.

"Usomewe nini, Pak? Niliyasema mimi. Najua nilichosema." Kisha kwangu: "Nenda kakae uani, Bu."

Nikaja uani.

Nilimwona kupitia mlango akimwondolea mumewe gurudumu miguuni, akaliegemeza ukutani. Akavuta kiti changu akakikalia. Kisha nikageuka nikaangalia kuku.

Mbok anaongea. Anamsemesha kwa lugha ya heshima, ile laini ya kumsemeshea mkubwa, aliyoizoea tangu aolewe. Maneno siyasikii, nasikia mwendo wake tu. Halii. Anakwenda pole pole, anasimama, anakwenda. Sasa nadhani amefika kwenye choo cha sokoni. Kichwa changu kizee, kilichozoea hoja, kinatafuta sentensi ya kufungia jambo hili na hakina.

Pak Wiryo amesema kitu. Neno moja, fupi. Ameuliza, nafikiri, ni tangu lini.

Amemjibu.

Moshi wa karafuu umeacha kuja huku.

Kiti kimeburuzwa, kimoja, juu ya saruji. Kuelekea wapi, kutoka hapa sioni.