Kimarekani cha Mume Wangu

Jumatatu, 3 Novemba 1969
Mvua. Nguo nimezianika jikoni tena. Wekesa amerudi kutoka kiwandani Tyseley, mikono inanuka grisi, akiwa na Odongo anayefanya kazi naye. Wakaanza Kimarekani chao. Wameokota maneno hayo kwenye vitabu vya wapelelezi, vile vyenye bastola kwenye jalada. Nilifundisha Kiingereza darasa la saba miaka sita na siwaelewi.

Leo hawakucheka. Odongo alisema, "The bulls were all over the joint." Mafahali kiwandani? Kisha Wekesa akanong'ona, nikasikia jina la mwenye nyumba wetu: "Singh, and it's stir." Singh, na kukoroga. Nikauliza wanakoroga nini. Odongo akaaga upesi. Sikupenda alivyoaga.

Jumatano, 5 Novemba
Watoto wa Kiingereza mtaani wanalipua fataki tangu saa kumi, ndiyo sikukuu yao. Kila mlipuko nashtuka.

Wekesa akiwa kazini nilichukua kitabu chake kimoja. Ukurasa wa thelathini na kitu, "bulls" wanagonga mlango na kutoa vitambulisho. Ni polisi. Basi polisi walifika kiwandani, na jina lililotajwa ni la Singh. Bwana Singh anafanya kazi humo humo, ndiye mwenye funguo za stoo. Polisi na stoo: kuna kilichoibwa.

Tunalala kwenye nyumba ya mwizi.

Alhamisi, 6 Novemba
Mama Jasi, mkewe Bwana Singh, amepanda ngazi kutoka kwao chini na sahani ya chapati, kama kila Alhamisi. Nimesema nimeshakula. Amesimama mlangoni na sahani yake.

"Rispah, mimi nakosea wewe kitu?" Kiswahili chake ni kile cha madukani Kisumu, alikozaliwa.

"Hapana, mama."

Nimefunga mlango. Nimetia komeo, jambo ambalo sijawahi kulifanya mchana.

Jumamosi, 8 Novemba
Polisi wamekuja kumchukua Bwana Singh asubuhi, kabla hajafunga kilemba vizuri. Shaba imepotea stoo, masanduku mengi. Amerudi jioni. Ameambiwa asikanyage kazini hadi uchunguzi uishe.

Nilijua, nikajiambia. Nilijisikia mwerevu.

Wekesa hakugusa chakula. Amekaa dirishani akitazama Ladypool Road, barabara yetu, kama mtu anayengoja kuitwa.

Jumapili, 9 Novemba
Sikwenda kanisani. Nilisema kichwa kinauma, nikabaki na kitabu.

Ukurasa wa tisini. Mtu amefungwa kwenye kiti, polisi wanamwambia "Sing." Hawataki wimbo. Wanataka aseme anachokijua, ataje watu. Mbele kidogo, "stir": jela.

Nimesoma mara nne. Wekesa alisema 'sing', hakumtaja Singh hata kidogo. Alikuwa akisema kwamba akifungua mdomo, ataishia jela.

Mume wangu anajua nani aliiba.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimemngoja mlangoni. Hata koti hajavua nikamwambia, "Najua 'sing' ni nini. Nani aliiba?"

Akaanza. Alikuwa "a patsy", wa kusingiziwa; mambo yalikuwa "hot", ya hatari; kuna mtu angemwekea "the finger", angemtaja kwa polisi.

"Wekesa. Niambie kwa Kiswahili."

Akakaa kwenye ngazi. Maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayetoa mwiba.

"Msimamizi alituambia tumsaidie shemeji yake kupakia masanduku kwenye gari. Mimi na Odongo. Tulidhani ni mzigo wa kawaida. Polisi walipokuja, msimamizi akatuambia tukisema, atasema tuliiba pamoja."

"Na Bwana Singh?"

"Sasa wanadhani ni yeye."

"Na wewe umenyamaza."

"Nimenyamaza."

Alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata baba yake alipokufa. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, vyote pamoja. Nilimwambia asipokwenda polisi, nitakwenda mimi. Lakini nani angenisikiliza?

Jumanne, 11 Novemba
Ametoka saa mbili asubuhi na suti ya harusi yetu. Odongo amekataa kwenda naye.

Saa sita, hajarudi. Saa nane, hajarudi. Nimepiga deki sakafu safi. Nimetengeneza orodha ya watu wa kuwaandikia nyumbani akifungwa, nikaichana.

Saa kumi na moja amerudi. Wameandika maneno yake yote, kurasa sita. Hawajui kama watamshtaki. Ameniambia hayo kwa Kiluhya, taratibu, kisha akalala na viatu.

Ijumaa, 14 Novemba
Shaba imepatikana kwenye gereji ya yule shemeji. Yeye na msimamizi wamekamatwa. Wekesa hatashtakiwa, atakuwa shahidi. Bwana Singh ameitwa arudi kazini Jumatatu.

Wekesa ameachishwa kazi. Barua inasema kazi imepungua. Wiki iliyopita walikuwa wakitangaza nafasi.

Odongo bado yupo kazini. Hajaja kwetu.

Jumapili, 16 Novemba
Mvua nyepesi. Mchana Bwana Singh amepanda kwetu, mara ya kwanza kuketi. Wamekaa na Wekesa. Hakushukuru kwa maneno. Amesema wiki nne zijazo tusimpe kodi, na Wekesa akakataa, na hawakufika popote. Wakazungumza juu ya samaki wa Kisumu, wakubwa wa enzi zile.

Mama Jasi alikuja nyuma yake akaketi nami jikoni. Amenisaidia kumenya viazi. Hakuniuliza tena kama amenikosea. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, ya Kiswahili, mepesi: nilidhani mumeo ni mwizi. Niliyashika hadi viazi vikaisha. Akanawa mikono, akaniaga, akashuka.

Mume wangu ameshasema lake. Mimi langu bado.