Nilisema Sabuni Si Yangu

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
15 Mei, 1983

Mpendwa Baba Mkubwa Gaudens,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama aliniandikia kwamba tangu Pasaka huendi kanisani bila mkongojo, na mvua ya huko Kibosho haikatiki. Sisi kwa afya hatujambo. Kwa mengine, naona aibu hata kukuandikia.

Zile kurasa ulizoninakilia, za historia ya Wakristo wa kwanza, niliwasomea akina mama wa jumuiya yetu wakati wa Kwaresima. Niliwaeleza habari za Karthago, mji wa kale wa Afrika Kaskazini: jinsi kaisari alivyoamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu apewe cheti, anayekataa afungwe, na jinsi Wakristo wengi walivyokikimbilia. Mama Paskalina akauliza, "Hata wenye watoto?" Nikamjibu kwa ukali kwamba imani haina watoto. Nilijiona nimesema neno.

Wiki tatu baadaye msako wa walanguzi ukafika mtaani kwetu. Stoo ya duka langu naitumia pamoja na Bakili, fundi cherehani anayeshona barazani kwetu, Mwislamu wa Newala. Nilikuwa nimeficha makatoni manne ya sabuni nyuma ya majora yake ya kitambaa, nikingoja izidi kuadimika. Watu wanafulia majani ya mpapai, Baba Mkubwa, nami nimeikalia.

Askari akauliza, "Ya nani hii?"

"Si yangu," nikasema.

Akamgeukia Bakili. Bakili akanitazama, akawatazama wanangu pale mlangoni, akanyamaza. Wakamchukua.

Kesho yake mkewe akaja dukani kuniomba nimwombee mumewe kwa Mungu wangu. Nikaahidi. Kwa kinywa hikihiki, nikaahidi!

Siku ya tatu nilifunga duka. Nikaenda kituoni nikasema kweli. Bakili wakamwachia, mimi wakaniweka siku sita. Sabuni ilichukuliwa, nami nikatolewa kwa onyo kali. Siku zote hizo wanangu walikula kwa mke wa Bakili.

Nilipokwenda jumuiyani niliungama mbele ya wote, kisha nikakaa chini karibu na mlango, kama walioikana imani zamani walivyongoja nje ya kanisa. Mama Paskalina akainuka, akaja kukaa nami.

"Ulitusomea nusu," akasema. "Wale wa vyeti, mwisho wao nini?"

Nikamsomea ukurasa niliouruka siku ile kwa kuuona una ulegevu. Walitubu muda mrefu, wakapokelewa. Na miongoni mwa waliowaombea ni wale waliofungwa kwa kukataa kuikana imani. Nilisoma huku nalia.

Bakili nimemwomba msamaha. Alisema tu, "Wanao bado wadogo, mama. Wangu wamekua." Kila asubuhi hutangulia kunisalimu, nami huitika nikitazama chini. Nilidhani imani ni kuwapima waliokufa zamani. Sasa najua ningesimama mstari gani.

Nisalimie mama, shangazi Mektilda na kaka Aristides. Barua hii usiifiche, Baba Mkubwa. Wasomee wote, kwa sauti, mama akiwapo.

Mungu akunyooshee mguu na akuzidishie siku.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Severa