Nimeurudisha Nyuma Ubongo wa Baba

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi cha kitinda mimba kimekwisha. Mwambie wifi ile picha ya watoto nimeibandika kazini kando ya kompyuta, na kila anayepita anasema wamefanana na mimi, wasiojua kusema uongo hao. Ningekuambia na mimi sijambo kama kawaida yetu, lakini jino langu la mbele halipo tena na Mama yuko hospitali amevunjika mfupa wa bega. Usikimbilie simu. Simu sisi wawili hatuiwezi, wewe unafoka na mimi nakata. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika, ili usome mpaka mwisho kwanza, halafu ufoke huko huko.

Nianze na Baba. Siku aliyomuumiza Mama alikuwa ametulia tangu asubuhi, mpaka Mama akamwambia kwa upole kwamba shati amelivaa ndani nje. Kosa ni hilo tu. Akamkamata kifuani, akambamiza kwenye kabati la nguo, akamvuta, akambamiza tena, mpaka kioo chote kikaporomoka. Nilipojitia katikati nikala kiwiko cha mdomo. Jino nililitema kwenye sinki. Mama alikuwa chini juu ya vioo, mkono umemlegea, na unajua alikuwa anasema nini? Alikuwa ananikataza mimi nisimpigie Baba kelele, eti mgonjwa wa watu yule.

Yule mlezi tuliyemwajiri, pande la mtu, aliondoka wiki iliyotangulia. Baba alimng'ata sikio likatoka kipande. Jamaa alisema amelinda maduka na maghala miaka yote na hajawahi kuliwa. Nilicheka, Kaka, Mungu anisamehe, nilicheka huku namfunga bandeji. Kwa hiyo sasa tumebaki mimi na Baba ndani ya nyumba.

Sasa nije kwenye swali lako, lile uliloniuliza kabla sijakukatia simu. Ulisema kama mashine zangu zinajua ugonjwa unakokwenda, basi zinajua na ulikotoka. Ukataka niurudishe nyuma ubongo wa Baba nikuambie kama siku ile aliyokuvunja mkono alikuwa ameshaanza kuumwa. Ukasema kama alikuwa anaumwa utasamehe yote, utakuja kumchukua ukamtunze kwako. Na kama alikuwa mzima, nisikutajie jina lake tena, hata siku ya kumzika.

Siku ile naikumbuka, usidhani kwa kuwa nilikuwa mdogo nimesahau. Geti la mteja lilikuwa limetoka kupakwa rangi, wewe ukaliegemeza vibaya likachubuka kwenye ukuta. Baba akaacha kuchomelea, akavua miwani yake ya kazi, akachukua nondo. Nilikuwa nyuma ya pipa la maji. Nilisikia mfupa, Kaka. Akaiinua mara ya pili, na hapo hapo mwenye geti akabisha hodi. Baba akaiweka nondo nyuma ya mlango, akajifuta mikono, akatoka kumpokea yule mtu kwa kicheko. Wewe ulikuwa umelala mchangani umeng'ata shati lako usilie.

Sasa nikueleze kazi yangu inavyokwenda, maana wewe unadhani napiga ramli. Ndani ya ubongo kuna sehemu nyingi, na kati yake zimepita njia kama barabara kati ya miji. Ugonjwa wa Baba ni protini iliyojikunja vibaya. Inasafiri kwenye zile njia, na kila inakofika inaziharibu na protini nyingine, kama nguo moja inayochuja rangi kwenye beseni la nguo nyeupe. Mimi naichora ile ramani kwenye kompyuta. Naiambia ugonjwa ulianzia hapa, unakwenda kwa mwendo huu, nayo inanionyesha mwaka hadi mwaka utakuwa umefika wapi. Baba amepigwa picha za ubongo kwa miaka mitatu mfululizo, kwa hiyo mwendo wake tunao. Ugonjwa umeshakula sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, na hapo ndipo penye breki za mtu. Ukiwa na mwendo, kurudi nyuma hadi mwanzo si kazi kubwa.

Nilirudi nyuma. Jibu la kwanza sikulipenda, nikalifuta. Kisha nikafanya kitu ambacho kazini kwetu ningefukuzwa nacho: nikaupunguza ule mwendo, namba moja tu, mpaka ugonjwa ukawa umeanza kabla hata wewe hujaingia shule. Picha ikatoka safi kabisa, ya rangi. Kompyuta haina haya, ukiilisha uongo inakupambia. Bosi wangu, tunayemwita Bwana Nukta kwa kung'ang'ania nukta za hesabu, alipita nyuma ya kiti changu akauliza huyo ni mgonjwa gani, kwa sababu kwa mwendo huo picha ya kwanza ya mgonjwa na ya mwisho zingefanana kama mapacha, na za Baba hazifanani hata kidogo. Nilimwambia najaribu tu. Akanitazama mdomo ulivyovimba, akaenda zake.

Ile picha ya uongo nilikuwa nikutumie. Mama ndiye aliyenisukuma. Nilipomweleza pale kitandani alinishika mkono kwa mkono wake mzima, akaniambia nikujibu ndiyo, alikuwa mgonjwa tangu zamani, mwanangu arudi nyumbani. Akasema hata yeye ndivyo anavyojiambia miaka yote, na ndivyo alivyoweza kulala naye kitanda kimoja. Na mimi, Kaka, nisikufiche, nilikuwa naitaka picha hiyo kuliko Mama. Ukija kumchukua, nalala. Sijalala vizuri tangu sikumbuki lini. Nilishaandika barua nzima tamu, ikabaki kuitia kwenye bahasha.

Kilichonizuia ni hiki, na hakuna mtu ninayemwambia isipokuwa wewe. Juzi Baba aliingia kwenye karakana yake ya zamani akatoka na nondo. Alinikosa kichwa, akavunja dirisha. Nilimpokonya. Hana nguvu kama zamani, nilimpokonya upesi kuliko nilivyotegemea, akabaki amesimama mikono mitupu. Hapo ndipo pangeisha. Nilimpiga, Kaka. Nilimpiga nondo ya mkono, akaanguka, nikampiga mgongoni, na alipojikunja nikampiga tena. Alikuwa analia ananiita mama yake. Nilikuwa naona kila kitu, naona hata kifungo cha shati lake kilichokatika, na nilijua ninachofanya. Halafu mama jirani akaita kutoka upande wa pili wa ukuta akiuliza kuna nini. Nikaiweka nondo chini. Nikamjibu kwa sauti nzuri kabisa kwamba ni dirisha tu limevunjika, mama, usiwe na wasiwasi.

Nilipoisikia sauti yangu nilimkumbuka yule mwenye geti. Mtu asiye na breki hasimami kwa sababu ya hodi. Baba wa leo hata aje askari hasimami. Baba wa siku ile alisimama, akajifuta mikono.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Ugonjwa wa Baba una miaka tisa, ukizidi sana kumi na miwili. Mkono wako una thelathini. Alikuwa mzima, Kaka. Siku ile alikuwa mzima kama mimi nilivyokuwa mzima juzi. Hukuvunjwa na protini, ulivunjwa na baba yako, na nisingeweza kukunyang'anya hilo ili mimi nipate usingizi. Mkono wa Baba haukuvunjika, umevimba tu. Daktari amenisikiliza nikisema alianguka, akaandika hivyo.

Ulisema kama alikuwa mzima nisikutajie jina lake tena, na mimi sikulazimishi. Usije kwa ajili yake. Njoo kwa ajili yangu. Naogopa kubaki naye, na safari hii simwogopi yeye.

Mama anakusalimu sana na anasema ule. Baba sina salamu zake, jina lako limeshamtoka. Wabusu watoto, na wifi mwambie asikasirike nikikuazima. Ukifika pitia mlango wa jikoni, ule wa mbele nimeutia kufuli, na karakana nimeipigilia misumari. Ufunguo wa jikoni utaukuta kwa yule jirani.

Ni mimi mdogo wako,
Kiberiti