Feni ya Bibi na Kadi Inayochemka

Fundi, mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Funga mlango wa nyuma, paka asiingie jikoni.

Feni nimeirudisha chumbani kwa bibi yako, usiiguse. Alfajiri nilipomaliza kusali nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta ameloa jasho, midomo imemkauka. Feni nikaikuta kwako, umeifunga kwa kamba za viatu kwenye boksi ulilolikata kama bomba, inaipepea kompyuta huku wewe unakoroma. Hata vibanio vyangu vya nguo umevibana humo.

Ulishaniambia hiyo kadi ya picha iliyo ndani ya kompyuta ikichemka mashine inajizima na kazi ya mteja inapotea. Nilikuelewa. Lakini kuchukua feni ya mgonjwa bila hata kuniuliza, mwanangu? Kadi ikiungua itanunuliwa nyingine. Bibi yako tutamnunua wapi?

Nampeleka zahanati akapimwe presha.

~~Izime hiyo kompyuta mpaka nirudi.~~

Nimefuta. Najua kazi inatakiwa leo. Tena bibi yako amesimama hapa mlangoni na mkongojo wake, ananiambia, "Acha kumgombeza mume wangu. Mwambie alete meza yake chumbani kwangu, feni itupepee wagonjwa wote wawili."

Basi hamishia meza huko kabla hatujarudi. Ila feni ielekee kitandani. Mashine yako itapata upepo utakaobaki.

Na vibanio virudi kwenye kamba.

Mama yako