Ukuta Wenye Magurudumu

Jumatatu, 4 Machi
Duniani kuna mwanaume mmoja tu anayesukuma ukuta kwa mkono mmoja huku anapiga mluzi. Ndiye mimi. Sawa, ukuta wenyewe una magurudumu. Hilo halikuhusu, daftari.

Shule hii hii nilitoroka nikiwa darasa la sita. Sasa naivunja kwa ruhusa! Madarasa manne ya zamani tumeyafanya ukumbi mmoja, na ndani yake kuta nyepesi za mbao, za kuhamishika. Msimamizi anasema watoto watachora huku, wataigiza kule, wakitaka nafasi wanasukuma tu. Enzi zangu ukisukuma hata dawati, unachapwa.

Maseremala wanne wanakula pamoja. Mimi nakula na ndoo ya rangi. Haina maneno mengi.

Jumatano, 6 Machi
Nina siri. Bibi anayefagia hapa — mwaka wa ishirini na saba huu — haoni. Ukungu mtupu. Jengo analijua kwa hatua na kiganja. Nimemfuma anapapasa ukuta mpya, nikamtania: unamtafuta mchumba? Kacheka. Halafu akaninong'oneza kwamba wakijua watamwondoa.

Basi kila nikihamisha ukuta namwendea. Mke wangu, leo ukuta uko hatua tisa toka mlangoni, kushoto. Naye: "Haya, mume wangu mvivu."

Ijumaa, 8 Machi
Hatua saba, kulia. Hajagusa kitu! Tumekula wote pale kwenye ngazi. Kaniuliza nyumbani wananiitaje. Hapa kwa wengine mimi ni "we dogo", basi.

Jumanne, 12 Machi
Maseremala wameniita chai. Wameniita wenyewe! Jioni, Bibi keshaondoka, wakasema hebu tuone huo mkono mmoja. Nikausukuma ukuta mbio, nikauzungusha, nikaupiga breki katikati ya njia. Makofi! Mmoja kanishika bega. Tumetoka getini watano, tunacheka.

Jumatano, 13 Machi
Bibi kaanguka asubuhi. Kauvaa ukuta kwa uso, na mkono umevunjika.

Msimamizi akamuuliza, mama, hukuuona? Akamnyooshea vidole, vingapi hivi? Bibi akakisia. Akakosea. Msimamizi akasema, kwa upole kabisa, akitoka hospitali apumzike tu nyumbani, kazi basi.

Maseremala wanasema macho ndiyo yamemponza. Nikaitikia kwa kichwa. Kikombe chao mkononi.

Nimemshika hadi kwenye gari. Mkono wake umefungwa kwa khanga. Kabla mlango haujafungwa akauliza, taratibu:

"Mume wangu, nilihesabu vibaya?"

Nikasema labda, Bibi.

Labda! Alihesabu sawasawa, hatua saba, kama nilivyomwambia Ijumaa. Ukuta niliuhamisha mimi. Asubuhi nilifika kabla yake, nikaenda moja kwa moja kwa maseremala kunywa chai. Sikumwambia.