Kitabu cha Maktaba Kimegawiwa Pamoja na Vitu vya Marehemu

Mama Nalotuesha mshauri, naomba msaada wako kwa sababu hapa Kitengela hakuna mtu naweza kumwambia jambo hili bila kuchekwa. Nauza mboga karibu na soko, na mume wangu Wakhungu aliaga dunia Machi mwaka huu wa 2003. Kwa miaka tisa yeye ndiye aliniletea vitabu kutoka maktaba ya umma huko Nairobi alikokuwa anafanya kazi, kadi ilikuwa ya jina lake lakini msomaji ni mimi, yeye hata gazeti lilimshinda, akifika ukurasa wa pili anasinzia. Kila Ijumaa aliniuliza, "Hiki nacho kilikuwaje?" nami namwambia, mara huyu mwandishi anawatukana mama wakwe bure, mara huyu amenifanya niunguze sufuria, na Jumatatu anayapeleka maneno hayo vile vile kwa mama mmoja wa kaunta, naye anampa kingine cha kunifaa na kumsifu, "Bwana Wakhungu, wewe unajua kusoma," na jioni tunacheka sisi wawili.

Sasa tulipomzika kwao Bungoma, siku ya tatu wazee wakakaa kugawa vitu vyake, koti likaenda kwa huyu, redio kwa yule, na kile kitabu cha mwisho, ambacho nilikuwa nimefika katikati, kilikuwa kwenye begi lake tulilokuja nalo, mzee mmoja akasema marehemu alikuwa mtu wa kusoma, kila safari alikuja na kitabu kwapani, basi kiende kwa kaka yake Wanyonyi kiwe kumbukumbu, watu wakalia na mimi nikanyamaza. Tangu hapo sijasoma chochote. Kumnyang'anya shemeji urithi siwezi, maktaba nayo siwezi kwenda bila kitabu chao, na hata nikienda nitasema nini, huko pia wanajua msomaji ni yeye, nikisema ni mimi nitakuwa nimemvua marehemu heshima mbele ya watu. Jioni nakaa tu naangalia ukuta. Nifanye nini?

Mama Elsie, Kitengela

Mama Elsie, pole. Pole sana. Lakini nitakugombeza kidogo, kwa sababu siku ile wazee wanagawa ulikuwa na mdomo. Kitabu cha maktaba hakirithiwi. Kwetu Kajiado mzee akifa, ng'ombe wa jirani aliyekuwa amelala bomani kwake hagawiwi, na kama amegawiwa kwa makosa, mwenyewe akijulikana anarudishiwa bila ugomvi. Sidhani watu wa Bungoma ni tofauti.

Mwandikie Wanyonyi wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie afungue ndani aone muhuri wa maktaba. Na usimwache mikono mitupu, mtafutie kitu kingine cha ndugu yake, saa ama kofia, umpe kwa heshima.

Hilo la kumvua heshima ndilo limenikasirisha. Kwani wewe unafikiri heshima ya Wakhungu ilikuwa kusoma? Mimi nimeolewa miaka ishirini na sita, na mzee wangu hajawahi kukumbuka neno langu la jioni hadi asubuhi. Wako alishika maneno yako kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu, miaka tisa, kwa ajili ya vitabu ambavyo hata hakuvipenda. Hiyo ndiyo heshima yake, mama, na wewe ndiye unaificha.

Usingoje kitabu kirudi ndipo uende. Wiki hii funga kibanda siku moja, beba kadi yake, ueleze kitabu kiko wapi na umefanya nini kukirudisha, kisha uombe kadi ya jina lako. Huyo mama wa kaunta huenda hajui kuwa Wakhungu hayuko, na pengine bado amemwekea kitabu kando. Mwambie aliyekuwa akisoma ni wewe, na aliyekuwa akibeba ni yeye. Akitaka kulia, mwache alie. Halafu mwambie vile ulikiona kile kitabu ulichofikisha nusu, kwa mdomo wako mwenyewe, na usimame pale akutafutie kingine.